Shotgani au raifo? Swali la mashamba ya chai ya Kericho na Bomet latuhusu na sisi wa Pwani

Mwezi Mei 2023 mashamba ya chai ya Kericho yaliingia moto. Vijana walivamia mashamba ya kampuni iliyokuwa ikiitwa Ekaterra, iliyoirithi Unilever katika biashara ya chai, wakateketeza mashine za kuchuma chai. Hasira yao ilikuwa na sababu. Mjumbe mmoja wa jopokazi lililoundwa na kaunti alisema kazi 30,000 zimepotea Kericho kwa miaka kumi kwa ajili ya mashine hizo, na jopo lenyewe likapendekeza mashine zisipite asilimia 60 ya uchumaji, asilimia 40 waachiwe binadamu. Polisi waliitwa kutuliza ghasia. Vurugu zilipokwisha, mtu mmoja alikuwa ameuawa na wengine kadhaa wamejeruhiwa, askari polisi wakiwa miongoni mwao.

Kwetu Pwani habari hii ilipita kama habari ya bara. Lakini chai hiyo ndiyo inayojaza maghala ya Shimanzi na Changamwe, ndiyo inayouzwa kila wiki katika mnada wa Mombasa, na ndiyo inayowalisha makuli, madereva na makarani wetu. Zaidi ya hapo, kuna swali lililozuka kule milimani ambalo sisi huku tunalijua vizuri. Ghasia zinapotokea, au wezi wanapobisha usiku, ni silaha gani inayofaa kuwa mkononi mwa askari, na ni ipi, kama ipo, inayofaa kuwa ndani ya nyumba ya raia?

Watu wengi hulijibu swali hili kwa kutazama ukali wa bunduki: ipi inapiga zaidi, ipi inaogopewa zaidi. Makala haya yanasema tulitazame upande wa pili. Bunduki huchaguliwa kwa kuangalia kilichoko nyuma ya shabaha. Ukilijibu hilo kwanza, mengi yaliyobaki yatajipanga yenyewe.

Bunduki mbili, kazi mbili

Shotgani ni ile ambayo wazee wetu waliiita bunduki ya marisau. Kasiba yake ni laini ndani. Ganda lake moja laweza kubeba marisau madogo mengi ya kupigia ndege, au marisau makubwa manane au tisa ya kupigia mnyama, au risasi moja nzito, au hata vipande vya mpira vya kutawanyia watu. Marisau yakishatoka mdomoni mwa bunduki hutawanyika na kupoteza nguvu upesi. Kupita mita 40 au 50 hata yale makubwa hayategemeki tena.

Raifo ni bunduki ambayo kasiba yake imechongwa mifuo ya kuzunguka ndani. Mifuo hiyo huizungusha risasi, nayo ikaenda mbali bila kuyumba. G3, ambayo Mkenya yeyote ameiona begani mwa askari, hutoa risasi ya milimita 7.62 kwa mwendo wa karibu mita 800 kwa sekunde. Imeundwa kumlenga adui wa vita aliye mita 400 mbele. Risasi hiyo ikimkosa adui haianguki hapo. Huendelea na safari, na hata baada ya kilomita moja bado inaweza kuua.

Sasa ziweke bunduki hizi mbili katika nchi ya chai. Kericho na Bomet ni nchi ya vilima vinavyotazamana. Upande huu wa bonde kuna msitari wa wachumaji, upande wa pili kuna shule, kiwanda na boma la mkulima mwenye ekari moja ya chai. Kichaka cha chai kinafika kiunoni tu na hakizuii risasi. Anayepiga raifo akiwa juu ya kilima anapiga mtu mmoja na bonde zima lililo nyuma yake.

Kuta za nyumba za kambi

Tuanze na ulinzi wa nyumbani. Wafanyakazi wa mashamba makubwa huishi katika kambi, nyumba ndogo zilizopangwa safu, familia moja imepakana na nyingine. Nje ya mashamba, kwa wakulima wadogo wanaopeleka majani yao katika viwanda vya KTDA, nyumba nyingi ni za mbao, udongo au mabati. Katika nyumba ya namna hiyo, mwenye nyumba akimfyatulia risasi mtu aliye mlangoni, swali la kwanza si kama atampata. Swali ni nani amelala chumba cha pili, na nani amelala nyumba ya jirani.

Hapa shotgani ina nafuu, lakini nafuu yenyewe ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Marisau madogo hupungua nguvu yakigonga ukuta wa mawe au matofali, ilhali risasi ya G3 inaweza kuutoboa ukuta huo. Lakini ukuta wa mabati au mbao mbili tatu hauzuii marisau makubwa. Yatapita, na yakiwa tisa basi ni mashimo tisa.

Kuna na ile imani kwamba shotgani haihitaji kulengwa, eti unaielekeza tu upande wa mwizi na marisau yanamtafuta yenyewe. Si kweli. Ndani ya chumba cha mita nne au tano marisau bado yamekusanyika, yakienea upana wa kiganja cha mkono. Anayepiga gizani bila kulenga atakosa, na marisau yote yataingia katika kabati au katika kitanda cha mtoto. Tena ni bunduki ndefu, ngumu kugeuza katika ujia mwembamba, na humsukuma bega asiyeizoea.

Raifo kwa ulinzi wa nyumba ndogo haina hoja kabisa. Zamani mzungu wa shamba alikuwa na sababu ya kuwa nayo: nyati, chui, na uwindaji. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na kwa raia wa kawaida sababu hiyo ikaondoka. Silaha za kijeshi zinazomimina risasi mfululizo sheria imemkataza raia moja kwa moja.

Sheria yenyewe, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kumiliki bunduki kwa kuwa anataka tu. Lazima Bodi ya Leseni za Silaha iridhike kwamba ana sababu njema, kwamba akili yake ni timamu, si mlevi, na kwamba bunduki mikononi mwake haitahatarisha umma. Mwezi Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha wajitokeze wakaguliwe upya. Na hata mwenye leseni akishafyatua, Kanuni ya Adhabu inamtaka aonyeshe kwamba nguvu aliyotumia ilikuwa ya kadiri. Kumpiga mgongoni mwizi anayekimbia na kuku wako hakutaitwa kujihami.

Lakini takwimu za dunia zinaonyesha kwamba leseni ni sehemu ndogo ya habari. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kwamba mwaka wa 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na zilizoandikishwa hazikufika 10,000. Kwa hivyo mjadala wa leseni unawahusu wachache, na bunduki nyingi ziko mahali ambapo hakuna bodi inayopiga hodi.

Hoja ya wanaotaka bunduki

Wanaosema raia wa nchi ya chai wapewe silaha hawasemi kwa ushabiki tu. Wana usiku mmoja wanaoutaja. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007, makundi ya watu yalivamia makazi ya wafanyakazi katika shamba la Unilever huko Kericho. Wengi wa waliovamiwa walikuwa watu wa makabila yaliyotoka nje ya eneo hilo. Wavamizi walikuja na marungu, mapanga na silaha nyingine za jadi. Watu waliuawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikaporwa. Wafanyakazi na jamaa zao 218 waliipeleka kampuni katika mahakama za London wakidai haikuwalinda. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufani huko iliikataa kesi yao kwa hoja kwamba kampuni mama ya Uingereza haikuwa na wajibu huo wa kisheria kwao.

Basi mtu anauliza: ikiwa polisi hawakuja, kampuni haikulinda, na mahakama ikafunga mlango, nani wa kumlaumu mchumaji chai akitaka bunduki chini ya kitanda?

Hoja hii yastahili jibu la heshima. Jibu ni kutazama hesabu ya kambi yenyewe. Mtu mmoja mwenye shotgani ya risasi mbili mbele ya watu mia atapiga mara mbili, kisha atatakiwa kujaza. Bunduki yake itakuwa nyara ya kwanza ya wavamizi. Na kama kila nyumba ingekuwa na bunduki, wavamizi nao wangekuwa na zao, kwa sababu walitoka vijiji vya jirani na wala si mwezini. Mwaka ule vita vya Bonde la Ufa vilipiganwa kwa sehemu kubwa kwa mishale na mapanga. Anayetaka kujua vingekuwaje kwa bunduki atazame Baringo na Turkana, ambako mwizi wa ng'ombe na mwenye ng'ombe wote wana AK-47 na hakuna aliyelala salama.

Waliokosa usiku ule walikosa king'ora, simu inayojibiwa, gari la polisi lenye mafuta, lango linalofungika, na meneja anayejua wafanyakazi wake wahamishwe vipi na wapi. Vitu hivyo ni ghali kuliko bunduki moja, na ndiyo sababu watu huishia kuzungumza juu ya bunduki.

Polisi na silaha ya vita

Tuje kwa askari. Huko Marekani mjadala wa shotgani na raifo ni wa zamani. Kwa miaka mingi askari wa doria wa huko alikuwa na bastola kiunoni na shotgani ndani ya gari. Tarehe 28 Februari 1997, huko North Hollywood, majambazi wawili wa benki waliovaa nguo za kuzuia risasi walitoka na bunduki za kijeshi. Bastola na shotgani za polisi hazikuwafanya kitu, hata askari wakakimbilia duka la silaha kuazima raifo. Baada ya siku ile, idara nyingi za polisi ziliongeza raifo katika magari ya doria.

Sisi Kenya tumekuja kwa njia iliyo kinyume. Polisi wetu walirithi jeshi la kikoloni lililoundwa kutiisha watu, na nchi ya Wakipsigis ililionja mapema: mwaka wa 1905 Waingereza walipeleka msafara wa kijeshi dhidi ya watu wa Sotik, na bunduki za kisasa zikawaua watu wengi. Ardhi ikachukuliwa, na chai ikapandwa juu yake miaka ya 1920. Hadi leo askari wetu wa kituo cha kawaida huanza na raifo ya vita. Mwezi Aprili 2021 kiwanda cha silaha kilifunguliwa Ruiru, kikiwa na uwezo wa kuunganisha raifo 12,000 kwa mwaka. Raifo tunazo. Swali ni kazi gani tunazipa.

Raifo ina kazi yake halali. Askari anayefukuza majangili wenye AK-47 katika msitu wa Boni hawezi kupewa shotgani. Mita 200 kati ya miti marisau ni mchezo. Lakini mchumaji aliyefutwa kazi anayerusha mawe mbele ya lango la kiwanda si jangili wa Boni. Askari akiwa na G3 pekee, kati ya kupiga kelele na kuua hana ngazi ya katikati. Ataanza kwa kupiga hewani, na risasi ya hewani nayo hurudi ardhini. Mwezi Machi 2020 mvulana wa miaka 13 aliuawa Kiamaiko, Nairobi, akiwa juu rosheni ya nyumba yao wakati polisi wakisimamia kafyu mtaani. Hakuwa shabaha ya mtu. Alikuwa nyuma ya shabaha.

Hali hiyo ilirudi karibu na Bomet mwaka wa 2025. Tarehe 28 Aprili, huko Angata Barrikoi, Transmara, katika Kaunti ya Narok iliyopakana na Bomet, wakazi walitoka kupinga zoezi la kupima ardhi. Polisi walifyatua risasi, na watu wasiopungua 5 wakafa. Mgogoro ulikuwa wa mipaka na hati za ardhi, jambo la wapima ramani na mawakili, lakini ulimalizika makaburini.

Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia za 2007 na 2008 ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilikuwa vya risasi, na tume ikawanyooshea polisi kidole kwa sehemu kubwa ya risasi hizo. Tukumbuke kwamba raia walikuwa na mishale na mapanga, na bado zaidi ya theluthi ya waliokufa walikufa kwa risasi.

Shotgani nayo si dawa

Hapo msomaji atasema: basi askari wa ghasia wapewe shotgani za mpira, mambo yaishe. Yangekuwa rahisi hivyo, Nairobi isingelia mwezi Juni 2025. Tarehe 17 mwezi huo, katikati ya maandamano, mchuuzi wa barakoa alipigwa kichwani kwa karibu sana na askari aliyeshika shotgani ya kutulizia ghasia. Hakuwa na jiwe wala rungu, alikuwa na bidhaa zake mkononi. Alikufa hospitalini mwisho wa mwezi, na askari mmoja akashtakiwa kwa mauaji.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka wa 2020 juu ya silaha zisizokusudiwa kuua umesema wazi. Risasi za mpira zilengwe chini ya tumbo au miguuni, kwa mtu mmoja mwenye fujo anayetishia kuumiza wengine papo hapo. Zile zinazotoa vipande vingi kwa pamoja hazifai kwa umati, kwa kuwa hazichagui. Kwa maneno mengine, ile sifa ya shotgani ya kutawanya ndiyo ila yake mbele ya watu wengi. Na kichwa cha mwanadamu kwa umbali wa hatua mbili hakijui tofauti ya mpira na chuma.

Tena kuna jambo ambalo halizungumzwi sana. Risasi ya raifo hubeba alama za mifuo ya kasiba iliyoitoa. Mtaalamu akiipata mwilini aweza kusema imetoka bunduki ipi, na daftari la ghala la silaha likamwonyesha aliyekuwa nayo siku hiyo. Marisau hayana alama hizo, kwa sababu kasiba ya shotgani ni laini. Kinachoweza kusema ni lile ganda tupu lililoachwa chini, na askari mwerevu huliokota. Katika kesi ya mchuuzi wa Nairobi, kilichowafichua waliohusika ni picha za video zilizoenea nchi nzima. Sasa jiulize: katika njia ya chai huko Bomet, jioni, ukungu umeshuka, nani atakuwa na kamera?

Kwa hivyo kumbadilishia askari silaha bila kumbadilishia hesabu ni kuhamisha msiba kutoka tumbo hadi kichwa, na kumnyima mfiwa ushahidi juu yake.

Sheria ipo, daftari liko wapi?

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika jedwali lake la sita, inamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Bunduki ni ya kuokoa maisha yake au ya mwingine, na hali nyingine chache zilizotajwa. Lazima atoe onyo lililo wazi na kumpa mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa kufanya hivyo kungehatarisha maisha. Akishafyatua, hata kama hakuna aliyeumia, lazima aripoti kwa mkubwa wake. Mtu akifa au kuumia vibaya, mkuu lazima aiarifu IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi.

Hayo ni maneno mazuri. Yanadai kwamba kila ganda la risasi lina jina la mtu na sababu yake. Kama daftari hilo lingekuwa likijazwa na kusomwa, tungejua baada ya siku chache nani alifyatua Kericho mwaka wa 2023, kwa silaha gani, kutoka umbali gani, na nini kilikuwa nyuma ya aliyepigwa. Familia isingelazimika kutafuta video katika simu za wapita njia.

Na makampuni ya chai yasijifiche nyuma ya polisi. Mashamba yamebadilisha mikono. Yale ya James Finlay, na baadaye yale ya Lipton, yalinunuliwa na Browns ya Sri Lanka. Mwenye shamba mpya amenunua vichaka, viwanda na mashine, lakini amenunua pia ugomvi wa ardhi na ajira uliomo ndani yake. Anapoita polisi kulinda mashine, ana wajibu wa kujua watakuja na silaha gani na kwa maagizo gani. Walinzi wake hubeba rungu, hawana bunduki, na hilo ni jema. Lakini mlinzi wa rungu asiye na redio wala mafunzo hukimbia mapema, na pengo analoliacha hujazwa na G3.

Sisi wa Pwani tuna la kujifunza

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na sisi tumewahi kunyolewa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari 6 wakauawa, na bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa kutoka ghala. Bunduki zilizowekwa kulinda Likoni ndizo zilizotumika kuichoma Likoni. Mwaka wa 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni na vijiji vyake, sauti za kutaka raia wa Lamu wapewe silaha zilipanda, na hata leo polisi wa akiba ni suala linalozua ubishi. Mwaka wa 2019 serikali iliwapokonya silaha polisi wa akiba wengi katika Bonde la Ufa ili wakaguliwe upya, dalili kwamba iligawa bunduki kwanza, ikahesabu baadaye.

Na nyumba zetu? Kisauni, Majengo, Likoni, Mtwapa: ukuta wa mabati, dari ya makuti, jirani upande wa kichwani na jirani upande wa miguuni. Kibokoni na Mji wa Kale kuta ni nene, lakini vichochoro ni vyembamba na kila barazani pameketi mtu. Hatuna vilima vya Bomet, lakini tuna watu wengi zaidi nyuma ya kila shabaha.

Kwa mwenye leseni, basi, ushauri ni mfupi. Mlango imara, taa ya nje, mbwa na jirani mnayesikilizana vitakufaa kabla ya bunduki yoyote. Ukiona huna budi, raifo haifai kwa nyumba, na shotgani inafaa kwa yule tu aliyejifunza kuilenga, anayejua ukuta wake umejengwa kwa nini, na aliye na sanduku la chuma lenye kufuli la kuihifadhia. Asiye na hayo matatu amemwekea mwizi akiba.

Kwa polisi, tudai mambo yanayoweza kupimwa. Raifo za vita zibaki ghalani siku ya maandamano na mgomo, zitolewe kwa amri ya maandishi ya ofisa anayejulikana kwa jina. Shotgani zikitolewa, kila ganda lihesabiwe likitoka na likirudi, na ganda tupu lisiporudi aliyelipewa aeleze. Marisau ya chuma yasichanganywe kamwe na ya mpira katika mfuko mmoja. Na ripoti za kufyatua risasi zichapishwe kila kaunti, bila majina ya wahanga, ili mwananchi asome.

Pa kuyadai papo. Sheria hiyo hiyo ya 2011 iliunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua, na ina viti vya wawakilishi wa jamii. Wananchi wengi hawajui hata kama ipo. Mwakilishi wa wadi akija barazani kwako kuomba kura, usimuulize barabara peke yake. Muulize mamlaka hiyo katika kaunti yetu ilikutana lini mara ya mwisho, nani anakaa humo kwa niaba ya akina mama na vijana, na kama imewahi kuliona daftari la ghala la silaha la kituo chetu. Akisema hajui, mpe wiki mbili akaulize, kisha mfuate.